Mvua Isiponyesha, Je, ni Lazima Watoto Walale Njaa?

Mama mpendwa, redio inapotangaza kwamba mvua za msimu huu zitakuwa chache, ni wazo gani linalokujia kwanza? Wengi wetu hatufikirii mawingu wala bahari. Tunafikiria chungu. Tunahesabu madebe ya mahindi yaliyobaki, tunakumbuka bei ya unga dukani, kisha tunapiga hesabu ya siku. Kwa hiyo tusidhani kwamba mabadiliko ya hali ya hewa ni habari ya wataalamu na viongozi wanaokutana katika miji ya mbali. Ni habari ya jikoni, na sisi akina mama tuna kila sababu ya kuielewa.

Katika makala hii tunataka kushika jambo moja tu. Ukame na njaa si kitu kimoja. Ukame ni mvua kukosekana. Njaa ni mtoto kukosa chakula. Kati ya hayo mawili kuna safari ndefu, na katika safari hiyo ipo milango mingi ambayo watu wanaweza kuifunga ili njaa isipite. Mingine inafungwa na mama nyumbani kwake, mingine na serikali, mingine na mataifa yakishirikiana.

Sote tunaijua habari ya Yusufu kule Misri. Yusufu hakuuzuia ukame. Lakini alikuwa na mambo matatu: habari iliyokuja mapema, ghala lililojazwa wakati wa shibe, na mlango uliofunguliwa hata kwa watu wa nchi nyingine. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotafutwa hata leo.

Misimu mitano mfululizo

Tuanze na jambo lililotokea karibu nasi. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia, na Somalia. Ukame wa namna hiyo ulikuwa haujaonekana huko kwa muda wa miaka 40.

Wafugaji wa sehemu hizo ni watu waliozoea shida. Msimu mmoja ukikosekana, mifugo hukonda, lakini mvua ya msimu unaofuata huja, nyasi zikaota, na maisha yakaendelea. Misimu mitano ni jambo jingine. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.4. Katika nchi hizo tatu, watu zaidi ya milioni 20 walifikia hali ya upungufu mkubwa wa chakula.

Mtu wa mjini akisikia kwamba ng'ombe wamekufa hufikiria nyama. Mama wa Marsabit, Wajir au Turkana hufikiria maziwa. Kwake maziwa ndiyo chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa, ndiyo chai ya asubuhi, ndiyo fedha kidogo za kununulia sukari na unga. Ng'ombe na ngamia wakikauka maziwa, mtoto amekwisha kupoteza chakula chake miezi mingi kabla ya mzoga wa kwanza kuonekana kando ya barabara.

Mbona jua limekuwa kali kuliko zamani?

Wazee watatuambia kwamba ukame ulikuwapo tangu zamani, nao wanasema kweli. Kuna vipindi ambapo maji ya Bahari ya Pasifiki hupoa kuliko kawaida, hali ambayo wataalamu huiita La Niña, na mara nyingi mvua zetu za vuli hupungua. Safari hii hali hiyo ilirudi miaka mitatu mfululizo.

Lakini hilo si lote. Mwezi wa Aprili 2023 kundi la wataalamu wa World Weather Attribution, akiwemo mwanamke Mkenya, Joyce Kimutai, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya ukame huo. Waliona kwamba ongezeko la joto duniani limeufanya ukame mkali kama ule uwezekane kutokea mara 100 hivi zaidi kuliko zamani. Tena walisema kwamba uchache ule ule wa mvua, katika dunia isiyopata joto hili, usingefikia hata kuitwa ukame.

Jambo hilo linawezekanaje? Jibu lipo kwenye kamba yetu ya nguo. Fua kanga mbili zinazofanana. Moja ianike asubuhi mapema, nyingine ianike saa saba mchana. Maji yaliyomo ni sawa, lakini ile ya saa saba itakauka upesi sana. Shamba na malisho ni vivyo hivyo. Mvua kidogo ikinyesha juu ya ardhi yenye joto zaidi, maji hugeuka mvuke na kupotea kabla mizizi haijanywa.

Na joto lenyewe latoka wapi? Makaa ya mawe, petroli na gesi vinapochomwa katika viwanda, mitambo ya umeme na magari, hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hukaa angani miaka mingi sana, ikizuia joto lisitoke, kama blanketi linavyomzuia aliyelala asipate baridi. Blanketi hilo limezidi kuwa zito tangu siku za viwanda vya kwanza. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka mwingine wowote tangu vipimo vianze kuwekwa.

Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa hizo. Tunalisema hili kwa sababu mara nyingi tumesikia akina mama wakilaumiwa kwa kuni zao. Ni kweli kwamba kukata miti ovyo huharibu udongo na kukausha chemchemi, na kupanda miti kunatufaa sana. Lakini mama anayepikia mafiga matatu huko Wajir siye aliyelipasha dunia joto. Kama wasemavyo wahenga, wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi.

Njaa huingia nyumbani hatua kwa hatua

Njaa haiji kama mwizi wa usiku. Huja mchana, hatua kwa hatua, na mwanamke ndiye anayeiona mapema.

Hatua ya kwanza ni maziwa kupungua. Ya pili, wanaume na vijana huhama na mifugo iliyobaki kutafuta malisho, na maziwa kidogo yaliyokuwapo huenda pamoja nao. Nyumbani wanabaki wanawake, wazee na watoto. Kisima cha karibu kinakauka, na kuteka maji kunachukua nusu ya siku.

Hatua ya tatu ni soko. Kila mtu analeta mbuzi kuuza, na mbuzi wamekonda, basi bei ya mbuzi inaanguka. Kila mtu anatafuta mahindi, basi bei ya mahindi inapanda. Mbuzi yule yule aliyeweza kulisha nyumba kwa majuma kadhaa sasa analisha kwa siku chache.

Hapa mambo ya nchi za mbali huongeza mzigo. Mwezi wa Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili huuza ngano nyingi duniani, na Somalia ilikuwa ikinunua huko zaidi ya asilimia 90 ya ngano yake. Bei ya ngano, mafuta ya kupikia, mbolea na dizeli zilipanda kote. Nchini Kenya pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200, hata serikali ikalazimika kuteremsha bei mpaka shilingi 100 kwa majuma machache mwezi wa Julai mwaka huo. Vita vya mbali vilikutana na ukame wa karibu katika sufuria moja.

Hatua ya nne ni sahani. Milo mitatu inakuwa miwili, miwili inakuwa mmoja. Nani huanza kupunguza? Tunajua sote. Mama huwaambia watoto kwamba ameshiba. Huenda ni mjamzito, huenda ananyonyesha, lakini sahani yake ndiyo ya kwanza kuondolewa.

Hatua ya tano ni ugonjwa. Watoto wengi katika wakati wa njaa hawafi kwa tumbo tupu peke yake. Hufa kwa kuhara, kwa surua na kwa homa ya mapafu, magonjwa ambayo mtoto mwenye mwili imara angeweza kuyashinda.

Kila hatua ni mlango. Maziwa yanapopungua, bado kuna miezi ya kutenda. Ikifika hatua ya tano, zimebaki siku tu.

Somalia mara mbili

Kuna mfano mchungu unaotuonyesha faida ya kufunga mlango mapema. Tangu nusu ya pili ya mwaka 2010, wataalamu wa FEWS NET, mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 1985, walikuwa wakionya kwamba hali ya Somalia ni mbaya. Onyo lilirudiwa tena na tena. Misaada ilikuja kidogo kidogo. Vita na makundi yenye silaha vilizuia watoa misaada wasiyafikie maeneo mengi ya kusini. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitamka rasmi kwamba kuna baa la njaa, na hapo ndipo dunia ilipoamka.

Lakini yatupasa kujua maana ya tamko hilo. Ili eneo litamkwe kuwa na baa la njaa, ni lazima nyumba 1 kati ya 5 iwe imekosa chakula kabisa, watoto zaidi ya asilimia 30 wawe wamekonda vibaya, na watu 2 kati ya kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Kungoja tamko ni kungoja makaburi. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa katika njaa ile, na karibu 133,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Miaka 11 baadaye ukame mrefu zaidi uliipiga Somalia ile ile. Safari hii tahadhari zilisikilizwa zaidi. Fedha nyingi zilitolewa mwaka 2022, familia nyingi zilipewa pesa taslimu ili zinunue chakula sokoni, na vituo vya lishe vikaongezwa. Tamko la baa la njaa halikutolewa. Hata hivyo, wataalamu walikadiria kwamba watu 43,000 zaidi ya kawaida walikufa mwaka huo, na karibu nusu yao walikuwa watoto wadogo. Hatuwezi kuita hayo ushindi. Kila mmoja wa hao alikuwa na mama. Lakini tukilinganisha miaka hiyo miwili tunaona wazi kwamba ukame uliodumu zaidi uliua watu wachache zaidi, kwa kuwa watu walitenda mapema zaidi.

Fedha inayofika kabla mbuzi hajauzwa

Kutenda mapema maana yake nini? Tuchukue mifano miwili ya Kenya.

Katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera uko mpango wa serikali unaozipa familia maskini kabisa fedha kidogo kwa njia ya benki. Kwa miaka mingi familia zipatazo 100,000 zilikuwa zikipokea shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Ukame unapoanza, setilaiti hutazama jinsi majani yalivyokauka, na familia nyingine huongezwa kwa muda. Fedha hiyo haimtajirishi mtu. Lakini mama akiipata kabla hajamuuza mbuzi wa mwisho, mvua ikirudi atakuwa bado na mahali pa kuanzia.

Mfano wa pili ni bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010. Hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima malisho ya eneo zima; yakipungua chini ya kiwango kilichokubaliwa, waliokata bima hulipwa. Bima hii ina kasoro zake. Mara nyingine setilaiti huona majani ya kijani pale ambapo mfugaji haoni cha kulisha, na ada yake si nyepesi kwa maskini. Hata hivyo imefundisha jambo kubwa, kwamba msaada unaweza kuandaliwa kabla ya janga badala ya kuombwa baada yake.

Jirani mwenye ghala

Sasa tutazame jambo ambalo wengi hatulifahamu. Hali ya hewa haitupigi sote kwa fimbo moja siku moja. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuja El Niño, kinyume cha La Niña. Mvua ziliporudi Kenya na Somalia zilirudi kwa mafuriko, zikabeba madaraja, mashamba na watu. Lakini El Niño hiyo hiyo iliinyima mvua Zambia na majirani zake. Mahindi yalikauka yakiwa yanachanua, na mwezi wa Februari 2024 Zambia ikatangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Ilimgeukia nani? Ilikuja kununua mahindi Tanzania, ambako mavuno yalikuwa mazuri na maghala ya taifa yalikuwa na akiba.

Huu ndio ushirikiano wa mataifa unaoeleweka hata kwa mtoto. Leo kwangu, kesho kwako. Nchi moja inapokosa, mara nyingi nchi jirani inacho. Kinachotakiwa ni ghala, barabara, na mpaka usiofungwa kwa hofu.

Na kuna kitu kingine kinachotakiwa, nacho kinaanzia mikononi mwetu: nafaka iliyo safi. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, kwa kuwa yalikutwa na sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache na masharti yakawekwa, lakini wakulima na wafanyabiashara wengi walipata hasara. Sumukuvu si jambo la kubuni. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Ukungu unaoleta sumu hiyo hupenda mahindi yaliyoteswa na jua shambani kisha yakawekwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo jinsi hali ya hewa inavyoharibika, ndivyo hatari hii inavyozidi.

Ahadi za wakubwa

Mataifa tajiri yamekwisha kukubali, kwa maneno, kwamba yanapaswa kusaidia. Mwaka 2009 yaliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 ili kuzisaidia nchi maskini. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya wakati wake, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Mwaka 2015 huko Paris mataifa yalikubaliana kujitahidi joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5. Mwezi wa Novemba 2022 huko Misri yalikubali kuanzisha mfuko wa kuzisaidia nchi zilizopata hasara na uharibifu, na mwaka uliofuata huko Dubai ziliahidiwa dola milioni 700 hivi za kuuanzisha. Mwezi wa Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi na kudai kwa sauti moja kwamba fedha za kazi hii zisiwe mzigo mwingine wa madeni. Mwaka 2024 huko Baku ahadi mpya ilitolewa: dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Ahadi ni nzuri, lakini ahadi haisongwi ugali. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kujitoa tena katika mapatano ya Paris. Mwaka huo huo ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Hata ule mtandao wa FEWS NET uliokuwa ukitoa tahadhari za njaa ulizimwa kwa miezi kadhaa. Tusilione hili kuwa jambo dogo. Ni sawa na kumtoa mlinzi mlangoni wakati wa usiku.

Je, tukate tamaa? Hapana. Yatufundisha tu kwamba mlango wetu tusimwachie mgeni peke yake kuulinda. Afrika Mashariki tunacho kituo chetu cha utabiri, ICPAC, kilicho karibu na Nairobi, kinachotoa utabiri wa misimu kwa nchi 11 za eneo hili. Kila nchi ina idara yake ya hali ya hewa. Kenya ina mamlaka ya taifa ya kushughulikia ukame, na Tanzania ina wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula. Vyombo hivi ni vyetu, na tuna haki ya kuuliza vinafanya nini.

Milango tunayoweza kuifunga sisi wenyewe

Mama hawezi kuipoza dunia. Lakini hayuko mikono mitupu. Haya ni machache ambayo yamesaidia wengi.

1. Tusitegemee zao moja. Mahindi ni matamu, lakini yakikosa maji majuma mawili tu wakati wa kutoa mbelewele na nywele, mavuno huharibika sana. Mtama na uwele huvumilia. Mtama waweza kusimama kukua wakati wa jua na kuendelea mvua ikirudi. Tunajua una kazi yake: ndege wa kufukuzwa, kupura na kukoboa, tena watoto wamezoea ugali mweupe. Anza na robo ya shamba, na uchanganye unga kidogo kidogo. Panda pia kunde, mbaazi au choroko, ambazo hukomaa na kulisha udongo pia.

2. Muhogo ni ghala lililo chini ya ardhi, lakini una masharti. Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa kwa siku za kutosha una sumu, na wakati wa ukame sumu huzidi. Njaa isitufanye tufupishe kazi hiyo.

3. Kausha nafaka vizuri. Anika juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo. Njia rahisi ya kupima ni hii: twaa chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi mpaka theluthi moja, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga na kutikisa, kisha uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiponata, anika siku moja au mbili zaidi uwe na hakika.

4. Hifadhi bila dumuzi. Siku hizi iko mifuko maalumu yenye tabaka za plastiki ndani, isiyopitisha hewa. Ikifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa na kufa bila dawa yoyote. Mahindi yaingizwe yakiwa makavu kabisa.

5. Chambua na kutupa. Mahindi na karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizovunjika tusiwape watoto wala kuku. Kupika hakuondoi sumukuvu. Uji wa lishe uliosagwa kwa karanga mbovu humdhuru mtoto tuliyetaka kumjenga.

6. Mpime mtoto mapema. Katika zahanati nyingi upo utepe wa rangi wa kupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 12.5 ni onyo. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari, apelekwe kutibiwa siku hiyo hiyo. Akina mama wengi wamefundishwa kupima wenyewe nyumbani. Uliza mhudumu wa afya wa kijijini kwenu. Na chanjo ya surua isikose.

7. Mama naye ale. Anayenyonyesha na mjamzito wasiwe wa mwisho. Jambo hili lizungumzwe na baba watoto mapema, wakati chakula kingalipo, kwa kuwa siku ya njaa hakuna mwenye utulivu wa kupanga.

8. Kikundi kiwe na akiba ya chakula, si ya fedha tu. Vikundi vingi vya akina mama huweka fedha na kugawana mwisho wa mwaka. Wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kikundi chaweza kununua magunia machache, kuyahifadhi vizuri, na kuyauza kwa wanachama kwa bei ya haki miezi ya shida. Akiba haiozi, ikiwa imekaushwa.

Maswali matatu ya barazani

Mwisho, tusiende barazani kusikiliza tu. Kiongozi akija, iwe ni diwani, chifu au mbunge, mama mmoja asimame aulize maswali matatu. La kwanza: utabiri wa msimu ujao unasemaje kuhusu eneo letu, na tutaupata kwa njia gani, kwa lugha tunayoielewa? La pili: ghala la karibu lina nafaka kiasi gani, na litafunguliwa wakati gani? La tatu: fedha za mabadiliko ya hali ya hewa zilizokuja katika wilaya au kaunti yetu zimefanya nini?

Labda kiongozi hatakuwa na majibu siku hiyo. Si neno. Mwambieni mtamwuliza tena mkutano ujao, na mwandike tarehe. Njaa ya mwaka 2011 ilitangazwa mwezi wa Julai, lakini ilikuwa imejulikana karibu mwaka mzima kabla yake. Watu walijua, ila waliokuwa na uwezo wa kutenda hawakuulizwa mapema vya kutosha. Kuuliza ni kazi isiyohitaji shamba wala fedha, na wakati wake ni sasa, mvua zikiwa bado zinanyesha.